Waliachana kwa Wema

Jirani yangu wa ghorofa ya chini anakaanga bizari leo, siku ya kazi isiyo na mgeni wala msiba, na mimi nimefunga dirisha. Najua ananiona mwenye maringo. Juzi aliniletea sahani imefunikwa vizuri, nikamshukuru kwa maneno mengi, na alipomaliza kushuka ngazi nikawapa watoto wa mlinzi. Sina chuki na chakula. Wali mweupe nakula, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nakula mpaka nalamba vidole. Pilau tu ndiyo hainipiti kooni, kwa sababu pilau ya mwisho aliyopika mama yangu katika nyumba yetu ya Buyenzi aliipika kwa ajili ya talaka yake mwenyewe, nami niliila na nikaomba kuongezewa.

Wenzangu mliokulia Bujumbura wakati wa vita mnajua pilau ilikuwa nini. Hakuna aliyeipika kwa kuipenda tu. Ilikuwa Idi, au Maulidi, au harusi, au arobaini ya maiti. Kwa hiyo mtoto akisikia harufu yake Jumapili ya kawaida, na katika nyumba hakuna aliyekufa, atawaza nini? Atawaza furaha. Mtu mzima anayetaka kumcheka mtoto huyo na aniambie kwanza yeye angewaza nini.

Baba alikuwa fundi wa magari. Garaje yake ilikuwa Cibitoke, kaskazini ya mji, na sisi tulikaa Buyenzi. Kabla mambo hayajaharibika njia ile ilikuwa ya baiskeli tu. Aliondoka asubuhi akipiga kengele kuwatania akina mama wa maandazi, akarudi jioni akinuka petroli na sabuni ya unga. Halafu njia ikaota vizuizi. Leo vijana wamesimama na mapanga, kesho wanajeshi, keshokutwa mji wote umefungwa na hakuna anayetoka. Watu wa Cibitoke walianza kuhama, na wengine walikuja kwetu wamebeba magodoro vichwani, maana Buyenzi hatukuwa na tabia ya kumuuliza mtu kabila lake mlangoni. Wao walikuja huku, Baba alikwenda kule.

"Gari ya mutu iko mule," alikuwa akisema. "Akikuya kuichukua, nitamwambia nini?"

Mama alikuwa akiweka kigoda langoni kuanzia alasiri, ungo wa mchele mapajani, anachambua. Mchele ule ulichambuliwa mpaka ukakosa la kuchambuliwa. Mimi niliketi chini karibu yake na kuona kuwa huo ni mchezo wetu, na zamu yangu katika mchezo ni kumwona wa kwanza. "Baba huyooo!" Basi Mama atainuka mbio, aingie ndani na kigoda chake, na Baba akifika anamkuta jikoni anakoroga chungu kama mtu ambaye hakumbuki hata kuwa ana mume. Mimi nilicheka sana kila jioni. Sikujua kuwa ninacheka kitu ambacho kitatugharimu nyumba, yaani ile aibu ya mama yangu ya kuonekana anangoja.

Jioni moja sikuwa na wa kumpigia kelele. Upande wa kaskazini milio ilianza mapema, barabara ikafungwa, na saa ya couvre-feu, ya kila mtu kuwa ndani, ikafika Baba hayupo. Mama alifunga lango mwenyewe. Asubuhi, jua limeshatoka, Baba akaingia na mkate kwapani na kicheko usoni.

"Nimelala chini ya gari ya mutu," akasema. "Iko na nafasi kushinda kitanda yetu."

Mama akaupokea mkate, akanikatia kipande, akamgeukia. "Baba Zena, kila magharibi mi nakuwa mujane. Asubuhi naolewa tena. Nimechoka na hizi harusi."

Mimi nilicheka, kwa sababu maneno yenyewe yalichekesha. Baba naye alicheka, kisha akaona uso wa mke wake akaacha.

"Funga ile garaje," Mama akasema.

"Mi siwezi kufukuzwa na batoto ba jana."

"Basi niache. Heri niachwe na mutu muzima kuliko kufiwa."

Walikuwa wameshabishana juu ya garaje mara nyingi, lakini hilo neno la kuachwa lilikuwa jipya. Leo, nikiwa na umri unaoupita ule aliokuwa nao Mama siku ile, nina hakika kuwa hakuwa anaomba talaka. Alikuwa anaomba garaje ifungwe, na talaka ilikuwa nyundo kubwa kuliko zote alizokuwa nazo mkononi. Ila Baba alikuwa mtu wa kujivuna kwa ukarimu. Ukimwomba kitu mbele ya watu, hakunyimi.

"Kama njo vile unataka," akasema polepole, "mi sikukatalie."

Ndipo wakaitwa wazee. Nikisema wazee msifikirie watu wa mvi na fimbo. Walikuwa wanaume wa makamo wenye kazi zao. Upande wa Baba alikuja kaka yake, Baba Mkubwa Ramadhani, fundi wa kushona, aliyetembea na utepe wa kupimia shingoni hata siku ya Ijumaa. Upande wa Mama alikuja kaka yake, Mjomba Salum, aliyekuwa na duka la vitenge mtaa wa Asiatique, sauti yake laini ya mtu aliyezoea kumbembeleza mteja. Hiyo ndiyo desturi yetu Waislamu: nyumba ikitikisika, anatafutwa mmoja wa kwao mume na mmoja wa kwao mke, wakae, wasikilize, wapatanishe, na wakishindwa kupatanisha, watenganishe bila kuvunja vyombo. Jirani mmoja alikuwa amemnong'oneza Mama aende tribunali, kwamba siku hizi sheria inamsikiliza mwanamke. Baba Mkubwa aliposikia aliruka.

"Tribunali! Kwani, watu wanakufa kila siku, na sisi tumupelekee juge wa serikali mambo ya kitanda? Juge atakuangalia pua kwanza, ajue we ni kabila gani. Apana. Tutamaliza hapa, kwa wema."

Kwa wema. Neno hilo nilikuja kulisikia mpaka likanichosha.

Mjomba alikuja kumsikiliza Mama siku ya kwanza uwani, yeye juu ya kasha la soda, Mama kwenye kigoda chake, mimi pembeni namenya njegere. Hakuna aliyenifukuza, kwani mtoto anayefanya kazi haonekani.

"Kaka," Mama akasema, "mi sitaki kuondoka kwangu. Nataka aseme anafunga. Aseme mara moja tu, mbele yenu, inatosha. Lakini we usimuombee. Usinitembeze kama kitenge ya bei ya kushuka."

"Nimesikia," akasema Mjomba.

"Umesikia ama unaniitikia?"

"Nimesikia, dada yangu. Heshima yako ni yangu."

Basi mimi nikajua kila kitu. Hicho ndicho nilichoamini, na kilinipa raha ya ajabu. Jumapili watakaa, Baba atasema anafunga, Mama atapika, mambo yataisha. Niliimenya njegere yote ile nikiimba.

Jumapili ilipofika, Mama aliamka na kuanza kukaanga vitunguu. Naomba mlione hili vizuri, kwa sababu mimi sikuliona: mwanamke anaandaliwa mkutano wa kuachwa, na wanaokutana lazima wale, na mpishi wa nyumba ni yeye. Angeweza kumwomba jirani. Lakini kwetu mgeni wa heshima hapikiwi na jirani, na wale walikuwa wageni wa heshima. Alitia bizari, mdalasini, karafuu, nyama ya ng'ombe aliyoleta Mjomba, na nyumba yote ikanukia Idi. Nilivaa gauni langu la Idi bila kuambiwa. Alipotoka jikoni na kuniona nimelivaa, Mama alisimama kidogo, kisha akanifunga mkanda mgongoni vizuri.

Wanaume watatu walikaa mkekani saloni, Baba amevaa kanzu nyeupe. Mama alikaa upande wa pili wa pazia, kwenye koridoo, anasikia kila neno. Mimi niliingia na kutoka na chai.

Walianza kwa kusifiana. Mjomba aliusifu ukoo wetu, Baba Mkubwa akausifu ukoo wa kina Mama, kila mmoja akimwombea mwenzake marehemu zake. Mjomba akasema dada yake hana lawama hata moja juu ya shemeji. Baba Mkubwa akasema mdogo wake naye hana lawama hata moja juu ya shemeji. Nikajisemea moyoni, basi kumbe hakuna ugomvi. Halafu wakaingia kwenye vyombo, na hapo ndipo nilipoamini kabisa, kwa sababu niliona watu wakigombea kupeana.

"Kabati achukue," akasema Baba.

"Dada yangu amesema kabati ibaki, we njo uliinunua," akasema Mjomba.

"Apana, yeye njo anaitumia. Na cherehani pia."

"Cherehani sawa. Lakini kabati, shemeji, hatuwezi."

Walivutana juu ya kabati lile mpaka chai ikapoa, kila upande ukikataa kushinda. Nimehudhuria harusi ambazo watu hawakupendana kiasi hicho.

Kisha Mjomba akakohoa. Akakunja na kukunjua kitambaa chake. "Kuko neno moja," akasema, "juu ya ile garaje."

Baba akainua kichwa. Namwona mpaka sasa, jinsi alivyoinua kichwa kwa haraka, na mdomo wake ukafunguka kidogo. Nikashika birika kwa mikono miwili nikangoja, maana nilijua ndiyo hii inakuja.

Baba Mkubwa ndiye aliyelifukuza neno lile. Kwa nia njema, Mungu amrehemu. Alidhani mwenzake anataka kudai sehemu ya garaje na anaona haya, akataka kumwondolea aibu. "Shemeji, garaje ni jasho ya mudogo wangu," akasema kwa upole. "Hiyo tusiiguse. Tumefika hapa vizuri, tusiharibu huu wema."

Mjomba angeweza kusema, apana, hukunielewa. Sentensi moja tu. Lakini alikuwa ameahidi kutomtembeza dada yake, na mbele yake alikuwa na mtu anayemsihi kwa adabu. Alitazama pazia, akatazama mkeka.

"Kweli," akasema. "Kweli kabisa. Tuiache."

Baba akainamisha kichwa.

Nimekaa na dakika ile maisha yangu yote. Watu wawili waliotumwa kuokoa nyumba, kila mmoja akamwachia mwenzake njia apite, na nyumba ikapita katikati yao ikaanguka. Hakuna aliyekosa. Hilo ndilo linaloniuma: natafuta wa kumkasirikia simpati. Wangepiga kelele siku ile, Mama angetoka nyuma ya pazia na kusema garaje au mimi, Baba angejibu kwa hasira, na kwa hasira ile ile angesema haya basi, nimefunga! Kelele zingetuponya. Lakini tulikuwa na wema.

Halafu wakaniita mimi. Mtoto aliyefikia umri wa kupambanua mambo, kwa desturi yetu, huulizwa; haburutwi. Baba Mkubwa alinikalisha mbele yake, utepe wake ukanigusa goti.

"Zena, we sasa ni mukubwa, uko na akili. Hakuna mutu atakukasirikia. Unataka kukaa na nani?"

Nilitazama huku na huku. Chini ya pazia niliona vidole vya miguu ya Mama, vina hina iliyoanza kufifia. Saloni niliona Baba, Jumapili mchana, yuko nyumbani, amenawa, hanuki petroli. Nikafikiri hivi: Baba amekaa leo na sisi, hakwenda Cibitoke, ni vizuri afurahishwe ili na kesho akae. Na Mama? Mama sikumfikiria. Mama hakuwa kitu cha kuchagua. Hakuna anayechagua ukuta wa nyumba yake, unaegemea tu. Nilidhani nikimtaja Baba ninampata Baba, na Mama ninaye tayari.

"Baba," nikasema, kwa sauti ya darasani.

Vidole vyenye hina vikarudi nyuma ya pazia, havikuonekana tena.

"Masha'Allah," akasema Baba Mkubwa, akipangusa uso. "Mutoto iko na akili. Hakumuacha baba yake peke yake."

Nikatumwa beseni la kunawia. Ninachojua sasa ni kuwa wakati nikiwa uwani najaza maji ndipo Baba alipotamka lile neno la talaka, mara moja, mbele ya ndugu wawili. Niliporudi nilikuta mikono imeinuliwa wanasoma Fatiha, nami nikaweka beseni chini nikainua yangu. Sinia likaingia. Wote wanne tulikula kutoka sinia moja, Baba na Mjomba bega kwa bega. Nilipoomba kuongezewa, mkono wa Mama ulitokea kwenye pazia na sahani yake mwenyewe, nyama haijaguswa.

Baada ya hapo kilianza kipindi kizuri kuliko vyote nilivyovijua katika nyumba ile. Mama alikaa eda, na eda ya talaka kama hiyo inakaliwa nyumbani kwa mume, maana mpaka iishe mume anaweza kumrudisha mkewe kwa neno tu, bila mahari wala harusi mpya. Mimi sikuambiwa eda. Niliona Baba amehamishia godoro lake saloni, chini ya dirisha. Lakini mji mzima ulilala sakafuni wakati ule kwa kuogopa risasi, nani angeshangaa? Niliwasikia wakiambiana "tafadhali" na "asante", maneno ambayo hawakuwahi kuyatumia. Chakula cha Baba kilifunikwa kwa kawa mpya. Baba akileta sabuni, analeta na ya Mama, anaiweka mlangoni mwa chumba na kukohoa. Nikasema moyoni, tazama wanavyopendana. Adabu niliidhania mapenzi, na sikuwa peke yangu, kwa sababu majirani nao walisema hivyo.

Jambo moja tu halikuwa sawa. Kigoda hakikutoka tena langoni. Nikakitoa mwenyewe, nikakaa na ungo mtupu, na baiskeli ilipotokea nilipiga kelele yangu, "Baba huyooo!" Nikisikiliza, ndani kifuniko cha chungu kinalia, Mama amekimbilia kukoroga. Kumbe alikuwa bado anangoja, kule ndani.

Eda ilipokaribia kuisha Baba Mkubwa alikuja kumkumbusha mdogo wake. Nilikuwa nalowesha nguo karibu yao.

"Neno moja tu, na anabaki. Unangoja nini?"

"Nilimupa ruhusa mbele ya kaka yake," akasema Baba. "Nikimurudisha sasa, ataona nilikuwa namuchezea. Kama anataka kubaki, atasema."

Mama alikuwa chumbani, anakunja vitenge. Hakusema. Alishasema, kwa Mjomba, uwani, kwa yule mtu mmoja ambaye hakuruhusiwa kurudia.

Siku aliyoondoka, Mjomba alileta pikapu ya dukani. Baba alibeba cherehani yeye mwenyewe, na kabati, maana mwishoni yeye ndiye aliyeshinda, Mama alichukue. Mama akasimama langoni amevaa buibui.

"Baba Zena, nisamehe."

"We njo unisamehe."

Akina mama wa jirani walilia kwa uzuri wa jambo lile. Mpaka leo ukifika mtaani kwetu, watu wakitaka kuwasema wanaotoana nguo mahakamani, wanawatolea mfano wa wazazi wangu: angalia fundi na Mama Zena, waliachana kwa wema. Mimi siku ile nilimbebea Mama mkoba wake nikiruka ruka, maana alikuwa ameniambia anakwenda kwa Mjomba na mimi nitakuja Ijumaa. Niliona ni safari ya kumsaidia dukani.

Ijumaa Baba alinipeleka Asiatique kwa miguu, akaniacha kwenye kona, hakufika mlangoni. Mama alinisuka nywele siku nzima, akizifumua na kuzisuka upya. Jua lilipoanza kushuka na Baba akaonekana kwenye kona, nilikwenda mbio kuchukua kandambili zangu. Nikachukua na za Mama. Nikazipanga mlangoni pamoja na zangu, vichwa vimetazama nje.

Mama alizitazama muda mrefu. Akainama, akazishika zake, akazirudisha ndani.

"Hizi zinabaki, mwanangu."

"Mpaka lini?"

Akazisukuma ndani zaidi kwa mguu, nikaelewa. Nililia nikipiga teke mlango wa watu. "Mi sikujua! Mi nilisema Baba sababu wewe uko! Nilijua wewe uko!"

Mama alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Mutoto wangu," akasema, "we hukukosa. We njo peke yako ulisema unachotaka." Mjomba alikuwa nyuma ya meza anapima kitenge cha mteja. Alikipima, akakipima tena, hakuinua uso.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nifunge dirisha. Baba hakuweza kuacha mtoto wa kike peke yake katika nyumba mpaka magharibi. Kwanza akaanza kurudi alasiri. Halafu adhuhuri. Halafu asubuhi moja alikwenda Cibitoke akarudi kabla sijamaliza kuosha vyombo, gunia la spana limefungwa nyuma ya baiskeli, akazipanga moja moja chini ya paa letu, pembeni ya lango.

"Garaje je?" nikamuuliza.

"Nimefunga."

Alisema kirahisi vile, kama anayesema amefunga kifungo. Hakuna aliyemwomba. Lile jambo ambalo mkewe aliliomba mpaka akaitaja talaka, na wakubwa wawili wakaliogopa pale mkekani, alilifanya siku ya kawaida tu, kwa ajili yangu. Na hakuchekwa na mtu wala hatukufa njaa. Magari yalimfuata Buyenzi.

Nilihesabu usiku mpaka Ijumaa. Nilimkuta Mama uwani kwa Mjomba, ungo mapajani, anachambua mchele. Dukani kulikuwa na habari ambayo mimi sikuijua bado: mtu wa Kigoma ameleta posa, mfanyabiashara mwenye nyumba mbali na bunduki, na Mama amemwachia kaka yake aamue, na kaka yake ameshaitikia.

"Mama! Baba amefunga garaje! Kazi anafanyia langoni kwetu! Saa tisa ameshanawa, hata petroli hanuki!"

Mkono wake ukasimama juu ya mchele.

"Nani alimwambia?"

"Hakuna mutu."

"Hakuna mutu?"

"Hakuna. Alifunga tu."

Akaendelea kuchambua. Niliona maji yakidondoka kwenye ungo, moja, kisha mengine, na yeye akiyachanganya na mchele kwa vidole kama vile hayapo. Nilikuwa nimeshikilia kandambili zake nyuma ya mgongo wangu, tayari.

"Vizuri," akasema mwishowe. "Mwambie nimefurahi."

Baba alikuwa ananingoja kwenye kona, amevaa shati safi. Tulitembea mpaka karibu na msikiti.

"Ulimwambia?" akauliza.

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Amesema vizuri. Amefurahi."

Akatembea kidogo. "Njo hayo tu? Hakulia?"

Nikamtazama baba yangu, shati lake safi, uso wake ameugeuzia barabarani ili nisimwone anavyongoja. Na mimi nilikuwa nimeshajifunza adabu ya nyumba yetu.

"Apana, Baba," nikasema. "Hakulia."